Kahawa kwa Mkono wa Kushoto

Neema na wenzako mliobaki chumba cha picha, mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi, nami leo ni siku ya tatu nimekaa na kalamu nikijiuliza nianzie wapi. Tatizo si kusahau. Nakumbuka mengi mno, ila sina tena hakika kipi kilikuwa upande upi. Mtanivumilia. Mtu aliyekosea kulia na kushoto kwa miaka thelathini na minne haaminiki hata akikuelekeza chooni.

Vyeo na mishahara naviruka. Mafaili yapo, anayetaka akayapekue.

Nilianza kazi nikiwa na hina mikononi. Ndoa yangu ilikuwa na wiki mbili, na nyumbani kwetu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, mama alikuwa amewatangazia majirani kwamba mwanawe kapata kazi ya kusafisha picha. Majirani wakaelewa nimeajiriwa kupangusa fremu za watu, na mmoja akaniletea picha ya marehemu mumewe iliyojaa masizi ya jikoni. Niliipangusa. Sikuthubutu kumwambia amekosea, kwa kuwa hata mimi sikujua kazi yenyewe ni ipi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye chumba kimoja cha ghorofani, katika nyumba ya zamani karibu na bandari. Rafu, maboksi, na ndani ya maboksi picha na postikadi za Tanga ya kabla ya vita vile vya kwanza, Mjerumani alipokuwa bado mtawala na meli za Mwingereza hazijautupia mji makombora. Watu wengi hapa mjini ukiwatajia vita hivyo wanakumbuka nyuki tu, walivyowauma askari wakatimua mbio. Nyuki wana sifa yao, siwanyang'anyi. Lakini ziko nyumba zilizoamka zimesimama na jioni hazikuwapo, na karatasi zilizomo katika maboksi yale ndizo zilizobaki kusema kwamba ziliwahi kuwapo.

Mkuu wangu na mwalimu wangu alikuwa Mzee Mhina, Mbondei wa upande wa Muheza. Picha alijifunzia kule Amani, kwenye kituo cha utafiti, akipiga majani na vipepeo, na ndiyo maana alikuwa hana haraka hata kidogo. Siku ya kwanza hakuuliza vyeti vyangu. Alitazama mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo hina inaachia?"

"Imeshakauka, mzee."

"Sikukuuliza kama imekauka."

Akanipa sabuni na ndoo ya maji, nikanawa mara tatu. Kisha akanipa karatasi nyeupe niishike kwa vidole viwili, akaagiza chai, akainywa yote mpaka majani ya chini. Alipoichukua karatasi akaigeuza mbele na nyuma kwenye mwanga wa dirisha, hakuona alama, akasema niingie ndani nianze. Sikujua kama nimefaulu mtihani au nimeadhibiwa.

Kwake nilijifunza kushika picha kingo tu, kamwe si usoni. Nilijifunza kuandika nyuma kwa penseli laini, tena kwa kuikwaruza kidogo sana, kwa maana wino unapenya na penseli ngumu inaacha mfereji. Masika, unyevu ulipozidi, tulikaanga mchele mkavu bila mafuta, tukaufunga kwenye vitambaa, tukauweka pembeni mwa maboksi unywe maji ya hewani. Mende tuliwapiga vita vyetu wenyewe. Siku moja mkaguzi alikuja akanusa, akauliza nani anapika pilau ofisini, na Mzee Mhina akamjibu kwamba ni pilau ya Wajerumani.

Postikadi ndizo zilizonitoa jasho. Mnaziona nzuri, na rangi zake, lakini mjue rangi zile hazikupigwa na kamera. Mtu aliketi Ulaya, hajawahi kufika Tanga, akapaka paa jekundu na bahari kijani kadiri alivyopenda. Kadi moja hiyohiyo tulikuwa nayo mara tatu, paa la stesheni ya reli katika kila moja lina rangi yake. Nyuma yake, wale walioziandika waliandika mambo mawili tu, joto na mbu. Wapo waliotuletea picha za Bagamoyo wakiapa ni Tanga, na za Mombasa pia. Mwanzoni nilibishana nao. Baadaye nikagundua kwamba mtu akishaamua picha ni ya kwao, hata ukimwonyesha jina limeandikwa atakwambia mwandishi alikosea.

Sasa nifike kwenye vioo. Picha nyingi za enzi zile hazikupigwa kwenye filamu bali kwenye vioo. Upande mmoja wa kioo ni mtupu, unateleza kama dirisha. Upande wa pili una utando mwembamba wa dawa, na picha imo ndani ya utando huo. Mzee Mhina aliuita ngozi. Kusafisha picha, unalaza kioo juu ya karatasi maalumu ndani ya fremu ya mbao, unabana, unawasha taa huku unahesabu, kisha unaitia karatasi kwenye treya za dawa. Sheria yake ilikuwa moja, na aliisema kila mara kabla hajafunga mlango wa chumba cha giza: "Ngozi ilalie karatasi." Ukigeuza, picha inatoka vilevile, tena huwezi kuijua kwa haraka. Ila kulia kumekuwa kushoto.

Wiki ya tatu alinipa kioo changu cha kwanza, akaketi nje kwenye stuli. Kilikuwa picha ya barabara moja inayoteremka baharini. Mwisho wake mlingoti wa meli, huku na huku nyumba, na barazani watu wadogo kama punje za mtama. Nyumba moja ilikuwa na kidirisha cha duara juu ya mlango, na hapakuwa na nyingine kama hiyo katika barabara nzima. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ngozi ikichubuka haiponi. Nikakilaza kioo, nikabana, nikahesabu, na barabara ikaanza kujitokeza kwenye treya taratibu, mlingoti kwanza. Nilifurahi nikataka kupiga vigelegele, nikakumbuka niko kazini.

"Kingo zimefifia kidogo," alisema Mzee Mhina, ambaye siku hizo alikuwa ameanza mtoto wa jicho. "Lakini imetoka. Iandikie."

Nikaiandikia nyuma kwa penseli: barabara ya baharini, kabla ya vita, nyumba yenye kidirisha cha duara iko mkono wa kulia ukielekea pwani.

Hazikupita wiki nyingi akaja Bi Rukia. Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mwembamba, ametoka Ushongo na kanga mbili na kikapu. Alipanda ngazi zetu akipumzika kila hatua ya tatu, na bintiye, Bi Tatu, nyuma yake akimwambia warudi nyumbani. Hakurudi. Aliketi akaniambia anatafuta kaburi la mama yake.

"Mie nilikuwa mchanga, wa siku arubaini," alisema. "Kombora likaja, nyumba ikaanguka nusu. Mamangu akafa. Watu wanakimbia, makaburini hakwendeki, wakamzika papo hapo uani. Shangazi akanifunga mgongoni akanitorosha mpaka Ushongo. Aliporudi baadaye, nyumba haipo, barabara yenyewe imegeuzwa jina, watu wageni. Wazee wengine wakamwambia ilikuwa huku, wengine kule. Kakaa mpaka kafa na jambo moja tu. Alikuwa akinambia: nyumba yenu, mwanangu, ilikuwa na kitundu cha duara juu ya mlango."

Nilisimama. Nilikwenda kwenye boksi nikatoa picha yangu, picha niliyoisafisha kwa mikono yangu, nikamwekea mezani na lenzi juu yake. Bi Rukia aliitazama muda mrefu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mkono gani, mwanangu?"

"Wa kulia, bibi. Ukielekea baharini."

Tukaenda sote watatu. Kwa kuhesabu hatua kutoka njia panda, kama Mzee Mhina alivyonifundisha, tulifika kwenye nyumba ya watu, mkono wa kulia, na nyuma yake ua wenye kuku. Wenye nyumba walikuwa waungwana. Wakasogeza banda la kuku, wakamwachia pembe moja ya ua, wakaweka mawe manne ya matumbawe kuizunguka. Bi Rukia aliketi chini pale akasoma Fatiha, kisha akaanza kumsimulia mama yake habari za miaka yote, aliolewa na nani, kazaa wangapi, wangapi wamebaki. Alihamia mjini kwa bintiye ili asiwe mbali. Kwa miaka kumi na moja, kila Ijumaa, alikwenda pale, na akitoka alinipitishia mkate wa sinia, mpaka alipofariki; baada yake Bi Tatu akawa anaisomea dua pembe ile.

Wenzangu, kama mngeniuliza wakati wowote katika miaka hiyo nimefanya nini cha maana kazini, ningewajibu hilo.

Miaka ikaenda. Mzee Mhina alistaafu, akarudi Muheza kwenye michungwa yake, na huko ndiko alikozikwa. Masika moja paa letu lilivuja juu ya rafu ya vioo, na tulipofika Jumatatu ngozi za vioo tisa zilikuwa zimebanduka zinaelea kwenye maji. Kioo cha barabara ya baharini kilikuwa kimojawapo. Nilihuzunika, lakini nikajipa moyo kwamba picha yake ninayo. Picha hiyo ikapigwa upya, ikakuzwa, ikatundikwa ukutani pale mnapopajua, ikaingia kwenye kijitabu cha wageni. Nimesimama mbele yake nikiwaeleza wanafunzi, watalii, na wageni wenye kofia za serikali. Sauti yangu haikutetemeka hata mara moja.

Mwaka jana Neema akaja na mashine yake ya kuskani. Mnajua nilivyoikaribisha. Nilisema itachoma picha macho. Basi asubuhi moja, Neema akiwa ameifungua barabara ya baharini kwenye kompyuta, kubwa kama mlango, Bi Tatu akapanda ngazi zetu. Sasa yeye ndiye aliyekuwa bibi wa miaka themanini, anapumzika kila hatua ya tatu. Alitaka nakala, apate kuwaachia wajukuu. Nikamketisha mbele ya kioo cha kompyuta. Zile punje za mtama zilikuwa zimekuwa watu, na nyuso zao, na kofia zao, na vikombe vya kahawa mikononi.

Bi Tatu akasogeza miwani. "Ala! Hawa watu wa wapi?"

"Wa hapa, Bi Tatu. Wa Tanga."

"Si wa Tanga hawa."

"Kwa nini?"

"Nawe Mwanaisha, umezaliwa wapi weye? Tazama huyu. Anampa mwenziwe kikombe kwa mkono wa kuke." Mkono wa kuke ndivyo wazee wa kwetu wanavyouita wa kushoto. "Na mwenziwe anapokea kwa mkono wa kuke. Na yule wa tatu kashika kikombe kwa mkono wa kuke anakunywa. Barazani, mbele za watu! Mtaa mzima mashoto? Hapana. Baba yangu angekimwaga hicho kikombe."

Neema akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia Neema aigeuze, kulia iwe kushoto, na mashine ile, ambayo nilikuwa nimeitukana wiki nzima, ikaigeuza kwa kidole kimoja. Watu wote watatu wakawa wanakunywa kahawa kwa mkono wa kulia, watulivu, kama watu wa Tanga. Na nyumba yenye kidirisha cha duara ikawa kushoto.

Hapo nikakumbuka, au naamini nilikumbuka, maana tangu siku hiyo siiamini sana kumbukumbu yangu. Niliona mikono yangu yenye hina iliyofifia. Niliogopa kuichubua ngozi. Na nyumbani nimelelewa kwamba kitu kizuri hutazama juu: kanga unaikunja upande mzuri juu, mkeka unautandika uso juu, sahani hivyohivyo. Nikaiweka ngozi juu, isiguswe. Sheria ya mzee niliisikia, nikaikubali kwa sauti, kisha mikono ikafanya ilivyofunzwa na mama. Hata kufifia kwa kingo kulitokana na hilo, kwa kuwa unene wa kioo ulikaa kati ya ngozi na karatasi.

"Bi Tatu," nilisema, "nadhani nilikosea."

"Umekosea nini?"

"Upande. Nyumba ilikuwa kushoto. Pale nilipompeleka mama yako sipo."

Alinitazama kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ya kigeni. Akaitazama picha, akanitazama tena. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea kabisa.

"Kushoto si ndiko wanakochimba?"

Ndiko. Upande wa kushoto kulikuwa na kiwanja kilichokaa wazi miaka mingi, na mwenyewe, Bwana Kihiyo, Msambaa mfanyabiashara wa mbao, alikuwa ameanza kuchimba msingi wa fremu za maduka juzi yake. Neema akaipiga ile picha kwa simu yake, zote mbili, tukateremka ngazi. Bi Tatu siku hiyo hakupumzika hatua yoyote.

Tulimkuta Bwana Kihiyo amesimama na kamba yake ya kupimia, mafundi wanne ndani ya mtaro, umewafika kiunoni. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwenye vioo na ngozi, nikaona anakunja uso, nikarukia kahawa.

"Subiri, mama," alisema. "Nyinyi miaka yote mnasomea dua ng'ambo ile. Nimewaona kwa macho yangu. Leo nimeanza kujenga, marehemu kahamia kwangu?"

"Hakuhama. Ni mimi niliyekosea."

"Na ushahidi ni kikombe cha kahawa?"

"Ndiyo," nilisema, na hata masikioni mwangu ilisikika kama wazimu.

"Haya, wewe ndiye mtaalamu wa picha. Nionyeshe. Nyumba ilikuwa mkono gani?"

"Kushoto," nikasema, na nikanyoosha mkono wangu wa kushoto kwa nguvu zote. Mkono ukaelekea ng'ambo, kwenye ule ua wa kuku. Mafundi wakaangua kicheko. Bwana Kihiyo akaanza kukunja kamba yake, maana kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Nilisimama na mkono hewani nisijue ni wa nani. Ni Bi Tatu aliyenishika mabega akanigeuza mwili mzima, kwani nilikuwa nimeipa bahari mgongo.

"Elekea pwani kwanza," alisema. "Haya, sasa sema."

Nikasema tena. Safari hii mkono ulikwenda kwenye kiwanja cha Bwana Kihiyo, nyuma, ambako mtaro ulikuwa bado haujafika.

Bwana Kihiyo aliacha kukunja kamba. Sijui angeamua nini. Aliyeamua alikuwa fundi mmoja mtu mzima, Mdigo, aliyekuwa karibu nasi mtaroni. Alimwomba Neema simu akaitazama ile picha, kwanza ilivyokuwa, kisha ilivyogeuzwa. Akatazama ya kwanza tena, akatikisa kichwa.

"Huyu bibi asema kweli, bosi. Kahawa haitolewi hivi." Akamrudishia Neema simu, kwa mkono wa kulia, akapanda nje ya mtaro na kulaza sururu yake chini. "Kule nyuma mie sichimbi."

Wa pili akatoka. Huyo alikuwa Mlutheri wa Lushoto kama tajiri wake, wala hakutafuta sababu. Aliweka tu koleo lake juu ya sururu ya mwenziwe. Bwana Kihiyo alilalamika, akataja siku zinazopotea na mvua inayokuja, akauliza kama tunajua bei ya kiwanja mjini. Kisha akachukua kamba, akapima upya, na kukata fremu moja ya nyuma kutoka kwenye mchoro wake. Palibaki kipande cha ardhi cha upana wa kitanda na nusu. Kama ndipo hasa, hakuna anayejua. Hatukuchimba kutafuta, na aliyependekeza tuchimbe alitazamwa na Bi Tatu mpaka akaondoka.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nilimgeukia Bi Tatu nikamwambia, "Niwie radhi."

Alisema, "Mamangu alikuja kwa mguu. Mvua, jua, anaumwa, alikuja. Miaka kumi na moja." Akaondoka peke yake, na kwa miezi miwili hakunisemesha. Nikikutana naye sokoni Ngamiani alinipokea salamu kwa kichwa tu. Niliumia, na niliona ni haki yake.

Miezi hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwangu kazini, na mliniona nilivyokuwa. Niliishusha ile picha ukutani, nikaandika nyuma yake kwa penseli: imesafishwa kinyume, kosa ni la Mwanaisha. Kuna aliyenishauri nisiandike jina, kwamba ningeweza kusema vifaa vilikuwa vya zamani. Vifaa havikuwa na kosa lolote. Kisha nikaanza kuzihoji nyingine zote. Palipo na maandishi, nilisoma. Palipo na watu, nilitafuta mikono, nani anakula, nani anapokea, nani ameshika tasbihi. Tatu zimenishinda. Mojawapo ina ng'ombe watupu, na ng'ombe hawanywi kahawa. Nimeziachia alama ya kuuliza, na mtakaopata jawabu msiogope kunipigia simu, hata kama jawabu litazidi kuniaibisha.

Usiku sikuwa na shida. Mchana ndio uliokuwa unanichanganya. Nilipita mjini nikaona kila jengo kama limehamishwa. Kwa miaka thelathini na minne nilibeba kichwani mji usiokuwapo tena, nikijivunia kuujua kuliko walioishi ndani yake, kumbe mahali pengine niliubeba kinyume. Sasa nikijaribu kuugeuza, unageuka nusu, nusu inabaki. Nilimwambia mume wangu. Akasema labda ni macho. Nikaenda kupima macho, na macho ni mazima.

Ijumaa moja baada ya kustaafu, Bi Tatu akatuma mtu kuniita. Nilimkuta nyuma ya maduka mapya ya Bwana Kihiyo, kwenye kile kipande cha ardhi. Palikuwa pamezungushiwa safu moja ya matofali na yeye ameketi kwenye mkeka. Akanionyesha nafasi. Nikaketi. Akasoma, nikasoma naye. Alipomaliza akajipangusa uso, akachukua kikapu chake, akanyoosha mkono nimwinue.

"Twende ng'ambo," alisema.

Sikuelewa. Nilidhani umri umeanza kumchezea, nikamkumbusha taratibu, kama tunavyowakumbusha wazee. "Bi Tatu, kule hakuna kaburi. Nilikwambia. Wenye nyumba nao nimekwenda kuwaeleza, wanajua. Kule hakuna mtu."

Akaniachia mkono.

"Nani kakwambia hakuna mtu? Mamangu alikaa pale miaka kumi na moja akimlilia mamake. Mkate alipikia kwangu, machozi alimwagia pale. Nimpate bibi, kisha mama nimwache peke yake na kuku? Shika kikapu, tuvuke. Atasema nimechelewa."

Nikashika kikapu. Bodaboda wakatupigia honi, yeye akawanyooshea kiganja wakasimama. Tulipoingia uani, kuku walikuwa wamefungiwa, na wenye nyumba walikuwa wamekwisha pafagia.